Pumzi ya Nne Dirishani

Barua ilikuja mwezi wa Machi, kwenye karatasi nzito ya kujionyesha, ikinialika kwenye sinema moja ya Asagaya, hapa Tokyo, Jumamosi mchana kutazama upya *Madirisha Manne*, ule mkusanyiko wa filamu fupi nne za katuni tulioutengeneza mwaka 1987. Waliandika kwamba mimi, Ogasa Fumie, ni “miongoni mwa mikono mingi iliyochangia.” Unampa mtu macho yako na mgongo wako na miaka yako yote ya thelathini, halafu anakukumbuka kama mkono.

Nikampigia simu Wakui Shigeko, anayeishi Niigata. Tulikaa meza moja miaka tisa, mimi na yeye, tukichora watu waliobuniwa na watu wengine.

“Imesafishwa upya,” nikamwambia. “Rangi mpya, sauti mpya. Na Mwalimu Tsubuku atakuwepo jukwaani.”

“Yule bado anaishi?”

“Anaishi na anahutubia.”

“Usiende, Fumie. Presha itakupanda bure.”

“Nataka kuona amezeekaje.”

“Vibaya, natumaini,” akasema, kisha akaniuliza kama nyumbani kwangu pameshaacha kuvuja.

Nilifika mapema. Sinema yenyewe ina viti arobaini na harufu ya zulia lililolowa, lakini ilijaa. Wengi walikuwa vijana waliovaa nguo za kizamani kwa makusudi. Waliongea kwa sauti ya hekaluni kuhusu filamu iliyotengenezwa na watu waliokuwa wakilala chini ya meza zao, wanakula tambi za kikombe asubuhi na jioni, na kunuka.

Taa zikazimwa. Filamu ya kwanza, mji unalipuka kwa dakika tisa. Zamani tuliona hilo ni jambo zito. Sasa niliona kazi ya mvulana aliyenunuliwa baruti nyingi mno. Ya pili, msichana anazungumza na samaki, na samaki ndiye mwenye akili. Ya nne nitaisema hapahapa niimalize: roboti analia. Watu arobaini walilia pamoja naye, na mimi nikatafuta peremende mkobani.

Ya tatu ndiyo aliyoiongoza Tsubuku, na ndiyo waliyoijia. Mwanamke mzee anapanda treni katika nchi ya theluji, ana kifurushi mapajani. Anakaa dirishani. Hakuna anayesema neno kwa dakika kumi na moja. Vituo vinapita, abiria wanateremka, yeye anabaki, na treni inaendelea naye. Vimeandikwa vitabu juu ya dakika hizo kumi na moja. Mimi najua zilivyotengenezwa.

Tsubuku alitaka mwanamke asinzie apitilize kituo chake, basi. Alikuja ofisini Jumatatu, akatuachia michoro sita ya penseli, akaenda kwenye chemchemi za maji moto “kusikiliza theluji.” Theluji ilikuwa ikianguka papo hapo nje ya dirisha letu. Alirudi baada ya wiki tano, amenenepa.

Katika wiki hizo tano Shigeko alichora uso na mikono ya yule mwanamke, na mimi nikachora kioo na kila kilichokuwa nyuma yake. Siku moja Shigeko akaweka penseli chini.

“Huyu halali,” akasema. “Shangazi yangu alikufa hivihivi, kwenye treni ya Nagaoka. Alikaa wima mpaka mwisho wa reli. Kondakta alimwomba radhi mara mbili kwa kumsumbua.”

Hatukumwomba mtu ruhusa. Nilichukua bomba dogo la kupulizia rangi, nikaweka ukungu mwembamba mweupe kwenye kioo, karibu na mdomo wa mwanamke. Unatanda, unafifia. Unatanda tena, mdogo kidogo. Mara ya tatu unakuwa kama sarafu. Mara ya nne hauji. Uso haubadiliki, kifurushi hakianguki, treni inakwenda. Anayetazama vizuri anajua amekufa, na asiyetazama anaona mwanamke amelala.

Tsubuku aliporudi alitazama mara moja, huku anaongea na simu. “Pale dirishani pana doa,” akasema. “Lenzi chafu. Rudieni.” Muda wa kurudia haukuwepo. Filamu ikatoka na doa lake, watu wakalia pale pale, na yeye akapokea tuzo, akaamini wanalilia theluji yake.

Basi Jumamosi ile nilikuwa nimekunja mikono, nasubiri. Mwanamke akasogeza uso kioo­ni. Kioo kilikuwa safi. Nikasubiri tena. Kilibaki safi kama cha duka la miwani. Walikuwa wameufuta ukungu wote. Mwanamke wa Shigeko alisinzia, akapitiliza kituo, na filamu ikaisha kama tangazo la shirika la reli.

Sikuwahi kuipenda filamu ile, lakini nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu akapanga vitu vyangu.

Taa zikawaka. Tsubuku akapanda jukwaani na mkongojo asiouhitaji, shingoni skafu ya hariri. Alikuwa amezeeka vizuri, na hilo nalo liliniudhi. Kando yake alikaa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Bi Minegishi, aliyesimamia usafishaji. Mwendeshaji wa mazungumzo, mwandishi kijana wa magazeti, aliinama mno hata kipaza sauti kikamgonga pua.

“Kila chembe ya theluji nimeichora kwa mkono huu,” Tsubuku akasema, akauinua mkono wenyewe. “Mama yangu alikuwa ametoka kufariki. Nilichora nikilia.”

Mama yake alikuja kwenye sherehe ya kumaliza filamu hiyo. Alikula mikunga mitatu ya kuchoma mbele yangu.

“Na sasa, baada ya miaka yote hii,” akaendelea, “nashukuru Bi Minegishi amenitolea lile doa la dirishani lililonitesa. Hatimaye filamu ni kama nilivyoikusudia.”

Bi Minegishi aliinamisha kichwa, lakini hakutabasamu.

Nikanyoosha mkono. Nililetewa kipaza sauti.

“Mwalimu, naomba kuuliza. Yule mwanamke anafanya nini mwisho wa filamu?”

Akanitazama kwa upole wa mtu asiyekukumbuka. “Analala, mama. Ni usingizi wa taifa zima baada ya vita.”

“Na zile pumzi?”

“Pumzi zipi?”

“Zile tatu, na ya nne isiyokuja. Lile unaloliita doa.”

Tsubuku akamgeukia mwendeshaji, mwendeshaji akatazama karatasi zake, ambazo hazikuwa na kitu kuhusu hilo.

“Jina langu Ogasa. Nilikuwa meza ya tatu, karibu na choo. Mwanamke alichorwa na Wakui Shigeko, ukungu nimeupuliza mimi. Anakufa kabla ya kituo cha mwisho. Ukitoa ukungu hafi, na asipokufa hakuna filamu. Pana bibi na treni tu.”

“Wachoraji wasaidizi,” Tsubuku akaiambia hadhira, akitabasamu, “huwa na mambo yao madogo madogo. Muongozaji huona kitu kizima.”

“Umeiona mara ngapi nzima, Mwalimu?”

Aliyejibu alikuwa mzee mmoja safu ya nyuma, mwenye koti la mvua, ambaye hakungoja kipaza sauti.

“Mimi nilijua amekufa,” akasema. “Niliiona mwaka ule ule ilipotoka, na mke wangu. Mke wangu ndiye aliyenionyesha, pumzi ya nne haiji. Leo nimekuja kwa ajili ya hapo, na hapakuwepo. Nilidhani macho yangu yamekwisha.”

Akakaa. Binti mmoja mbele yake akasema na yeye alijua, kisha wengine watatu. Nilimwona Tsubuku akihesabu vichwa. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa akisikia filamu yake ikisimuliwa kwa mara ya kwanza, na hakupenda kuipata kutoka kwa mtu wa meza ya karibu na choo. Mwendeshaji akasema muda umekwisha, ingawa ulibaki.

Bi Minegishi alinikuta kwenye ngazi nikivaa viatu vyangu vya mvua. Aliinama chini kabisa.

“Bi Ogasa, nilishuku,” akasema. “Doa la lenzi halipungui kwa mpangilio. Nilimuuliza Mwalimu mara mbili.”

“Akasemaje?”

“Nifute.”

“Ukafuta.”

“Nikafuta,” akasema, na hakujitetea. Kwa hilo nilimdharau pungufu kidogo kuliko nilivyokuwa nimepanga. “Lakini ninayo nakala ya kabla ya kufuta. Naweza kuurudisha ukungu. Anatakiwa akubali yeye tu.”

“Atakubali,” nikamwambia. “Mpe wiki aone faida yake.”

Haikufika wiki. Siku ya tano gazeti moja lilichapa mazungumzo marefu na Tsubuku, akieleza jinsi alivyoficha kifo ndani ya pumzi nne, fumbo alilomwekea mtazamaji mwenye macho. Alisema amefurahi kwamba hatimaye limegunduliwa. Nilimsomea Shigeko habari yote kwenye simu. Alicheka mpaka akakohoa.

“Niachie nipumzike,” akasema. “Huyo mtu ukimtumbukiza chooni atatoka na samaki mdomoni.”

“Nimwandikie gazetini?”

“Umwandikie nini? Mimi nina sabini na nne. Mwambie yule mama msafishaji aandike majina yetu mwisho wa filamu, basi.”

Nilimpigia Bi Minegishi nikamwambia, bila maneno matamu. Alisema lazima aombe kibali. Nikamwambia alifuta bila kuelewa, kwa hiyo anaweza kuandika bila kuomba. Akasema sawa. Baadaye nilisikia alilumbana na kampuni yake miezi miwili, na kwamba Tsubuku alitishia kuondoa jina lake mwenyewe kwenye filamu. Hakuliondoa. Watu wa aina hiyo jina ndilo pekee walilochora.

Mwezi wa Novemba Shigeko alikuja Tokyo kuiona. Amekuwa mdogo, na sikio moja limekufa, kwa hiyo ananong’ona kwa sauti ya sokoni. Sinema ilikuwa ileile, mchana. Roboti hatukumngoja.

Pumzi ya kwanza ikatanda, ya pili, ya tatu. Ya nne haikuja. Mtu mbele yetu aliacha kutafuna. Filamu hiyo ya tatu ilipoisha maandishi yake yakapanda, na chini kabisa, baada ya wapishi na madereva, yakaja majina yetu mawili kwenye mstari mmoja: *Mwanamke na pumzi*. Nilimtazama Shigeko. Macho yake yalikuwa makavu.

“Mkono wa kushoto ni mbaya,” akaninong’oneza, na nusu ya ukumbi ikageuka. “Kidole gumba kama kiazi. Nani aliyepitisha kile kidole?”

“Wewe.”

“Mjinga,” akasema.

Tukatoka, tukaingia kwenye mkahawa wa tambi za soba ulio mkabala na stesheni. Alilalamika kwamba mchuzi ni maji ya bahari, akaunywa wote, akaniomba na wa kwangu.