Msimbo Umetumwa

Saa mbili asubuhi Mzee Mafaili alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ukumbi wa forodha, bahasha ya kaki mapajani, ingawa hakuna aliyepokea karatasi tena. Madirisha saba aliyoyazunguka kwa miaka thelathini na moja, akitaniana na makarani huku akigongewa mihuri, yalikuwa yamefungwa mapazia. Moja tu lilibaki wazi: Msaada wa Mfumo. Mawakala wenzake wa forodha walitoa mizigo ya wateja mtandaoni, wakiwa majumbani kwao. Wa kumsalimia alikuwa mlinzi.

Kabla ya saa kumi alasiri kila wakala alitakiwa kuthibitisha akaunti yake, la sivyo leseni ifutwe. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Unabonyeza, mfumo unatuma msimbo wa tarakimu sita kwenye simu yako, unauandika, basi.

Ila namba iliyosajiliwa haikuwa yake. Mkewe ndiye aliyemsajili, akaweka namba yake mwenyewe, maana, alisema, "wewe simu unaisahau hata chooni." Alipofariki, laini ilikaa kimya miezi mingi, kampuni ya simu ikampa mtu mwingine: dada mmoja mpakiaji wa kiwandani, ambaye mzee hajawahi kumtia machoni. Miezi minne sasa, tangu mfumo uanze kudai msimbo, kila alipotoa mzigo, alimpigia asomewe tarakimu. Hata tangazo la leo alisomewa na yeye, jana jioni.

Leo simu iliita tu. Iliita saa tatu, saa tano, saa saba.

"Binti, nibadilishie namba," alimwambia ofisa dirishani.

"Unabadilisha mwenyewe, mzee wangu. Bonyeza hapa, utatumiwa msimbo kwenye namba ya zamani."

"Ya zamani ndiyo sina."

"Basi mfumo hauruhusu."

"Siku yako ya kwanza kazini, nani alikuonyesha stoo ya mafaili?"

Ofisa aliinamia kibodi. "Ni wewe. Lakini sina pa kubonyeza, mzee wangu."

Akarudi benchini. Saa kumi ikapita. Ofisa akavuta pazia la dirisha la mwisho.

Saa kumi na robo simu yake ikaita. Kwenye kioo: Mama Watoto. Hakuwahi kulifuta jina hilo, na kila mara moyo ulimruka kabla akili haijamkumbusha.

"Baba, nisamehe. Wiki hii nimewekwa zamu ya mchana, simu tunaziacha getini. Nakuta misimbo sita. Nikusomee?"

"Imeshakufa yote, mwanangu."

"Kuna ujumbe wa saa kumi kamili: 'Leseni yako imefutwa. Kukata rufaa, ingiza msimbo uliotumwa kwenye simu hii ndani ya dakika tano.'"

Mzee alicheka mpaka mlinzi akageuka.

"Kwani laini hii ilikuwa ya nani, baba?"

Hakuwahi kumwambia. "Ya mke wangu."

Magari yalisikika yakipita nyuma ya dada.

"Pole, baba. Sikujua. Basi niirudishe tu kampuni? Misimbo si huitaki tena."

"Usiirudishe," alisema upesi. "Misimbo siitaki. Nikipiga, wewe pokea tu."

"Haya. Ila piga jioni, baba. Mchana simu iko getini."