Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Kabongo alitoka shimoni mzima. Tope lilikuwa limempanda hadi kwenye nyusi, na jambo la kwanza alilofanya ni kumuuliza Philippe kwa nini kamba imeanza kukunjwa wakati yeye bado yuko chini. Philippe ndiye msimamizi wa mashine inayosukuma hewa ndani ya shimo. Mkono wake ulikuwa bado juu ya swichi. Hakuwa ameibonyeza.

Abigaëlle aliyaona hayo yote akiwa mlangoni mwa kontena la kuhesabia wachimbaji, kama hatua hamsini kutoka hapo. Karibu zaidi asingeweza kufika, maana wachimbaji wa upande ule wa machimbo ya Mutoshi hawataki mwanamke asogelee mdomo wa shimo; wanasema madini yatakimbia. Alishika fremu ya mlango, akashusha pumzi. Mtu yuko hai, alijiambia. Mengine yote yatazungumzika.

Mvua ndiyo iliyoleta mambo. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Nzilo tangu saa tano, na matone ya kwanza yalipoanguka wachimbaji wakaanza kutoka mmoja mmoja, kama sheria ya ushirika wao inavyotaka. Kila aliyetoka alipita kwa mzee Mbayo, ambaye kwa heshima wanamwita tata Mbayo; yeye ni pointeur, yaani mtu anayeweka alama nani ameingia na nani ametoka. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi kwa ubao wenye misumari. Mchimbaji akiingia anatundika kisahani chake cha bati, wanachokiita jeton, akitoka anakiondoa. Msumari wenye jeton maana yake mtu bado yuko chini. Wiki ile mzee alikuwa akiifanya kazi mara mbili, kwa ubao na kwa tableti yenye programu aliyoiandika Abigaëlle. Ilikuwa wiki ya majaribio. Jumatatu ubao ungetolewa ukutani, ibaki tableti peke yake.

Skrini ndogo, iliyofungwa asubuhi ile tu karibu na mashine ya hewa, ilionyesha kwamba ndani hakuna mtu. Philippe akaisoma, akaanza kukunja kamba, akanyoosha mkono azime mashine isije ikanyeshewa. Wakati huohuo tata Mbayo aliinua macho kwenye ubao wake, akaona jeton moja bado inaning'inia, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamvimba.

"Mashini inasema hakuna mutu," Philippe alijitetea baadaye, mbele ya watu wote.

"Mashini haina macho," tata Mbayo akamjibu. "Kabongo alikuwa hayatoka."

Abigaëlle alimpigia simu Stany, mkubwa wa ofisi yao ya programu kule mjini Kolwezi. Stany alisikiliza, akashukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia, kisha akasema jambo liko wazi: mzee alisahau kubonyeza jina la Kabongo asubuhi. Mtu aliyezoea misumari hawezi kuzoea tableti kwa siku tano. Ataandika hivyo kwenye ripoti ya ushirika, wamtafute pointeur mwingine, na Jumatatu kazi iendelee.

Tata Mbayo alipoulizwa kama alisahau, hakukasirika. Alimwonyesha Abigaëlle tableti. Jina la Kabongo lilikuwa limebonyezwa saa kumi na mbili na dakika tano, kabla ya majina mengine yote.

"Kabla ya bote?" Abigaëlle aliuliza.

"Mama, yeye njo PDG. Siku yote anaingiaka wa kwanza, anatokaka wa mwisho."

Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. PDG ni cheo cha wakubwa wa makampuni, lakini wachimbaji humpa mkuu wa kikosi chao. Huyo hushuka kabla ya wenzake, anagonga dari la shimo kwa nondo na kusikiliza sauti yake, na akiridhika ndipo anawaita wengine. Jioni hapandi mpaka wote wapande. Abigaëlle alikuwa ameandika programu ya shimo bila kuliona shimo, na jambo hilo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Wa kwanza kwenye orodha. Abigaëlle aliyarudia maneno hayo huku akiitazama tableti.

Kuna mstari mmoja ambao Abigaëlle alikuwa akiuandika tangu aanze kazi, miaka minne sasa. Ni mstari unaoiambia kompyuta ipitie majina ya orodha, moja baada ya jingine, kuanzia namba moja. Kwa nini kuanzia moja, hakujua. Aliuandika hivyo kwa sababu kila alipouandika hivyo mambo yalikwenda vizuri. Kule alikosomea walikuwa wanafunzi arobaini na kompyuta mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa imekufa. Programu walijifunza ubaoni, kwa chaki. Mwalimu alichora visanduku, akavipa namba, moja, mbili, tatu, na mtihani waliufanya kwenye karatasi. Abigaëlle alipata kumi na sita juu ya ishirini. Karatasi haikumwonyesha kamwe kama programu yake inatembea au haitembei.

Alipoajiriwa, kazi zake za kwanza zilikuwa orodha za maduka na za farmasi. Orodha hizo zote huwa na vichwa kwenye mstari wa juu: jina la dawa, idadi, tarehe. Mstari wake uliviruka vichwa, ukaanza na dawa yenyewe, na wateja wakafurahi. Hata programu ya shimo waliijaribu ofisini kwa orodha ya namna hiyo, yenye vichwa. Aliwahi kusikia watu wakitaja kwamba kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri, yaani kitu cha kwanza hupewa namba sifuri na cha pili ndicho moja. Alitikisa kichwa kama anayejua. Kwa kutikisa kichwa alikuwa hodari.

Orodha ya wachimbaji haikuwa na vichwa. Ilianza na Kabongo.

Alirudi mjini juu ya pikipiki, mvua ikimpiga usoni, akilipanga shauri moyoni. Angeweza kurekebisha mstari ule kimyakimya na mtu asijue. Lakini Modeste, mwenzake wa ofisi, alikuwa ameuchukua mstari uleule na kuuweka kwenye programu za mashimo mengine manane, na tableti za kule zilikuwa zimekwisha kufungwa kwa neno la siri. Stany peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuzifungua. Akitaka zibadilishwe, lazima aseme kwa nini. Akinyamaza, tata Mbayo anapoteza kazi, na Jumatatu kwenye mashimo yale manane mtu wa kwanza kuingia hatahesabiwa. Akisema, watajua kwamba mtu wanayemwita injinia hajui jambo ambalo mtoto hujifunza wiki ya kwanza. Ofisi ilikuwa na maombi ya kazi rundo zima, ya watu wenye vyeti vikubwa kuliko chake.

Jumamosi asubuhi walikutana kama kawaida katika chumba chao cha ghorofani, juu ya farmasi. Stany alikuwa anamalizia ripoti. Modeste alikuwa anakula kikwanga cha muhogo kwa samaki, huku akieleza jinsi wazee wanavyoogopa tableti kama nyoka. Abigaëlle alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Patron, niko na ulizo," alisema, na sauti ikatoka ndogo. "Lakini mukicheka, mumalize kwanza kucheka, kisha munijibu."

Stany aliacha kuandika.

"Orodha mu ordinateur inaanzaka ku ngapi?" Abigaëlle aliuliza, akiinyooshea kidole kompyuta ya mezani.

Modeste alicheka kabla ya kumeza. Alimwuliza kama amelala vibaya. "Ku moja, mama. Weye unaanzaka kuhesabu bantu ku ngapi? Ku tano?"

Stany hakucheka. Alisema ni kwenye sifuri, kisha akamtazama Modeste, kisha akamtazama Abigaëlle, na uso wake ukaanza kubadilika. Akaigeuza kompyuta. Abigaëlle akaandika majina matatu, Modeste, Stany na Abigaëlle, akaweka mstari wake wa siku zote, akabonyeza. Kompyuta ikaandika Stany na Abigaëlle. Modeste hakuwepo.

Chini, kwenye farmasi, mtu alikuwa anabishana juu ya dawa ya kikohozi.

"Niko wapi mi?" Modeste aliuliza.

"Uko mu shimo," Stany akamwambia. "Na tulizima hewa."

Modeste aliweka kikwanga chini. Yeye ana licence, yaani shahada, ya Lubumbashi, imetundikwa ukutani ndani ya kioo, na ndiye aliyepewa kazi ya kusoma programu za Abigaëlle kabla hazijaenda kwa wateja. Alikiri kwamba hakuwahi kuzisoma. Alikuwa anaangalia kama ni ndefu na kama mistari imepangwa vizuri, halafu anatia sahihi. Angesoma nini, na yeye mwenyewe alikuwa anachukua kwa Abigaëlle kila anachokwama?

Abigaëlle alimkodolea macho. Miaka minne alimwogopa mtu huyu. Kumbe miaka yote minne Modeste alikuwa akinakili kwake, na yeye mwenyewe akiandika gizani.

Abigaëlle alieleza yote, ubao wa chaki, orodha za farmasi, vichwa, PDG anayetangulia kushuka. Alisema kosa ni lake, tata Mbayo hakusahau kitu, kisha akasubiri hukumu. Stany alikuwa anazungusha kalamu vidoleni, akiitazama ripoti yake. Halafu akafanya jambo ambalo hawakulitegemea. Alifungua kompyuta yake mwenyewe, akawaonyesha mahali anapohifadhi kazi zake.

Kulikuwa na mafurushi kumi na saba, yote nakala za programu ileile moja. Furushi la kwanza liliitwa Mwisho. La pili, Mwisho Kabisa. Mengine yaliitwa Mwisho wa Kweli, Mwisho Usiguse, Mwisho wa Jumanne, na moja Stany alikuwa ameliita Huu Sasa Njo Mwisho.

"Miaka tisa niko mu hii kazi," alisema. "Kuna namna ya kuchunga ile ya zamani na kuirudia ukiharibu ile mupya. Bote banaijua. Mi sijue. Niliona haya kuuliza, juu mi njo patron."

Modeste ndiye aliyeanza kucheka, safari hii bila dharau, na kicheko kikawachukua wote watatu mpaka Abigaëlle akajifuta machozi kwa kitenge. Hakukumbuka lini alicheka hivyo ofisini. Mabega yake yalishuka yenyewe, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani, ndipo akajua yalivyokuwa yamekaza muda wote ule.

Stany aliichana ripoti. Alimpigia simu tata Mbayo mwenyewe, akamwita tata mara nne katika maneno machache, akamwomba radhi. Mzee alisema hana neno, ila ubao wake hautoki ukutani Jumatatu wala Jumanne. Stany akakubali bila kubisha. Kisha wakakaa pamoja, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anauliza, na kila mstari ambao mtu hakuuelewa walisimama hapo. Walisimama mara nyingi. Modeste ndiye aliyefichua kosa la pili, dogo, na alifurahi kama amepewa zawadi. Saa saba tableti zote tisa zilikuwa zimebadilishwa.

Abigaëlle hakutaka kungoja Jumatatu. Alipanda pikipiki akarudi kwenye shimo. Jua lilikuwa limetoka, matope yanang'aa kijani pale yalipobeba shaba. Alisimama kando ya tata Mbayo ndani ya kontena. Misumari kumi na miwili ilikuwa na jeton. Tableti iliandika kumi na wawili. Mzee alihesabu mara ya pili kwa kidole, akaguna, akahesabu mara ya tatu.

Walipoanza kutoka, namba ilishuka pamoja nao. Tisa, na misumari tisa. Nne, na misumari minne. Mchimbaji wa mwisho kabla ya mkuu wao alichukua jeton yake, akaenda kunawa, na skrini ya kule karibu na mashine ya hewa ikabaki na namba moja. Philippe aliitazama, akakunja mikono kifuani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuigusa swichi.

Moja ile ilikaa pale dakika nzima. Abigaëlle aliiangalia kwenye tableti kama mtu anavyoangalia sufuria inayotokota, na moyoni mwake palikuwa pametulia kabisa.

Kabongo akatokeza kichwa, halafu mabega. Alikuja kontenani na nondo yake begani, akanyoosha mkono kuchukua jeton, na tata Mbayo, asiyejua kuficha kitu, akamwambia ni huyu mama hapa aliyemtoa kwenye hesabu jana. Abigaëlle alihisi uso unamchoma. Zamani angetikisa kichwa tu na kuangalia chini.

"Ni mi, tata," alisema. "Nilikuwa sijue orodha inaanzaka wapi. Leo niliuliza."

Kabongo alichukua jeton yake, tope likimkauka usoni.

"Basi leo unihesabu mara mbili," alisema, "juu ya jana."

Akaenda kunawa.