Uma wa Baiskeli ya Panzi

Watu walimwita Msasa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila baiskeli kuukuu iliyoingia kwenye karakana yake aliikwangua rangi kwanza, salamu baadaye. Ya pili, ukimgusa vibaya alikukwangua na wewe. Jirani mmoja aliwahi kumtania mdogo wake, aliyekatwa mguu, kwa ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jino la mbele la jirani yule lilibaki mtaroni, na tangu siku hiyo methali ile haikusikika tena mtaani.

Alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Lakini nusu nzima ya karakana ilikuwa ya BMX za zamani, zile baiskeli ndogo za kurukia vilima vya udongo, zenye usukani mpana na matairi ya meno. Zilining'inia kwenye kulabu darini kama nyama buchani. Wakusanyaji wa baiskeli hizo walimletea fremu zisizo na jina, zilizopakwa rangi ya ukutani tabaka juu ya tabaka, naye akazipindua, akapiga brashi ya waya, akatazama. Vile vyuma viwili vinavyobana gurudumu la nyuma vikiwa vinene, hiyo iliundwa kwa mashindano. Vikiwa vyembamba kama sahani ya bati, hiyo ni ya kuchezea watoto, hata ikibandikwa stika za kifahari namna gani. Alitazama mabomba yanavyopinda, kipande cha chuma kilichotiwa shingoni kuzuia ufa, na namba iliyogongwa chini, pale ekseli ya pedeli inapopita.

"Fremu ndiye mwenye nyumba," aliwaambia. "Usukani, magurudumu, kiti, uma wa mbele, hao wote wapangaji. Leo wapo, kesho wamehama. Ukitaka kujua nyumba ni ya nani, usimuulize mpangaji."

Walicheka, wakaondoka na baiskeli zao, wakimsifu kwamba anazipenda. Hawakumjua. Msasa hakuwa na mapenzi na chuma chochote. Alikuwa anamwinda mtu.

Katika ujana wao mdogo wake aliruka na BMX mpaka wapita njia wakasahau walikokuwa wakienda, ndipo wakampa jina la Panzi. Siku moja, akitoka uwanjani, mtu alimtokea kwa nyuma kwenye kona ya ghala, akampiga nondo ya goti. Akampiga tena ameshaanguka, na tena, kisha akapanda baiskeli na kutokomea nayo. Mguu wa kulia uliharibika, hospitali wakaukata. Mama yao alilia mpaka sauti ikakauka. Msasa hakulia. Alikula kiapo kando ya kitanda kwamba baiskeli ile ataipata, na atakayemkuta nayo atamvunja mguu ule ule, kwa nondo, na atapiga polepole. Panzi alikuwa amegeukia ukuta. Jina likabaki Panzi, mguu ukabaki mmoja, na watu wakazoea.

Namba ya baiskeli hakuna aliyekuwa ameikariri. Nani anakariri namba ya baiskeli ya mtoto? Lakini Msasa alikuwa na alama yake. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, uliwahi kukatika kwenye shina, ile sehemu inayozama ndani ya shingo ya fremu isionekane, na yeye, wakati huo mwanagenzi asiyejua hata kushika moto, aliuchomelea mwenyewe. Yalitoka madonge matatu yaliyopandana kama kinyesi cha mbuzi. Mwalimu wake wa kazi alicheka mpaka akakaa chini. Hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeweza kuchomelea vibaya kwa namna ile. Kwa hiyo kila BMX iliyofika, kabla haijatoka, Msasa aliung'oa uma na kuchungulia shina.

Asubuhi moja Sindano aliingia akisukuma baiskeli yake huku anapiga mluzi. Sindano alikuwa fundi cherehani mwembamba, rafiki wa Msasa wa miaka na miaka, mkusanyaji kama yeye. Baiskeli yake ilikuwa ya aina ile ile ya Panzi, ya mabomba ya nyuma yaliyozungushwa kama kitanzi, ila mpaka jana aliiendesha na uma usio wa aina yake, na jambo hilo lilimkosesha raha kuliko mtu mwenye kiatu kisicho na jozi.

"Nimeupata, fundi!" alisema. "Uma wenyewe! Nimeufunga leo hii. Nikagulie, kisha unipigie rangi, nami nikaringe."

"Wewe na kuringa," Msasa alisema, akicheka. "Mwili wenyewe upepo ukivuma unashika nguzo. Lete."

Aliibana baiskeli kwenye jiriwa, akalegeza nati ya shingo, akagonga mara moja kwa nyundo ya mpira. Uma ukashuka mkononi mwake. Akaugeuza, akafuta grisi kwa kidole gumba.

Madonge matatu.

Kicheko kilimkauka kinywani. Alifuta tena kwa kitambaa, akausogeza kwenye mwanga wa mlango. Alikijua chuma kile kama mtu anavyojua kovu lake. Fremu hakuitazama. Hakuitazama kabisa, na hilo lingemtosha kumfukuza mwanagenzi wake yeyote.

"Umeutoa wapi?"

"Nimeupata tu," Sindano alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu." Tabasamu la Sindano lilianza kutafuta pa kukaa. "Fundi, wewe niangalizie kama unaendana. Mengine ya nini?"

"Mtu gani?"

"Nimeahidi sitasema. Ni mambo ya watu, bwana."

Kijasho chembamba kilimtoka Sindano juu ya mdomo, na Msasa alikiona. Mwenye macho haambiwi tazama. Alikumbuka kwamba Sindano naye alikuwa akienda uwanjani siku zile. Alikumbuka kwamba Sindano alimshonea Panzi suruali zake zote, upande mmoja akiupinda na kuuziba kwa ustadi, na hakukubali malipo hata mara moja. Kwa nini hakukubali? Jibu lilimjia lenyewe na likampendeza. Alifunga mlango, akatia komeo, akachukua nondo kwenye vipande vya geti.

"Msasa," Sindano alisema. "Unafanya nini? Msasa, ndugu yangu."

Pigo la kwanza Sindano alilikinga kwa mkono. Vidole vililia kama vijiti vikavu, na mkono ukaning'inia. Alipiga ukelele mwembamba, akageuka kukimbia, akajikwaa kwenye mitungi ya gesi, akaanguka kifudifudi. Msasa alimshika ukosi, akamgeuza, kwa sababu alitaka amwone.

"Mkono sikuukusudia," alisema. "Wako ni mguu. Ulimpiga mara ngapi? Sema!"

"Nani? Nimpige nani?"

"Panzi!"

Sindano alimtazama kwa mshangao, damu ikimtoka puani, kisha ndipo akaelewa yuko mikononi mwa nini. "Muulize yeye!" alipiga kelele. "Muulize mdogo wako!"

Hilo ndilo lililommaliza. Kwa Msasa lilikuwa tusi, mtu amemvunja mtoto kisha anakejeli. Alimkanyaga Sindano paja la kulia, akainua nondo kwa mikono miwili na kuishusha kwenye goti. Goti liliingia ndani. Akashusha tena. Sindano alijaribu kutambaa kwa kiwiko kuelekea mlangoni, akimwita mke wake, akimwita mama yake aliyekufa zamani, na Msasa akamfuata hatua kwa hatua akimpiga pale pale, kwa utulivu wa mtu anayepigilia msumari. Ninyi mnaosema hasira ni moto, hamjawahi kumwona Msasa. Yake siku ile ilikuwa baridi, na alikuwa na furaha. Lazima lisemwe: alikuwa na furaha kama hajawahi kuwa nayo tangu alipokuwa kijana.

Panzi alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio ng'ambo ya barabara. Alisikia ukelele, akakiacha chuma cha kuchomelea waya kikifuka moshi mezani, akavuka kwa gongo lake na kuzungukia mlango wa nyuma. Alipoingia, kaka yake alikuwa amekwisha kuinua chuma. Panzi hakuuliza. Alitupa uzito wake wote, akampiga gongo la sikio, wote wawili wakaanguka juu ya vumbi la chuma.

"Nimempata!" Msasa alihema, akimshika mdogo wake mabega. "Panzi, mdogo wangu, nimempata. Tazama uma!"

Panzi aliutazama uma sakafuni, kisha akamtazama Sindano aliyelala mguu ukielekea upande usio wake.

"Uma nilimpa mimi."

"Unasema nini?"

"Nilimpa mimi! Wiki iliyopita, dukani kwake! Ulikuwa kwangu miaka yote, chini ya kitanda."

"Huo ndio uma wa baiskeli yako. Nimeuchomelea kwa mkono huu!"

"Ulipasuka tena, kaka." Panzi alikuwa analia sasa, kamasi na machozi pamoja. "Ile weldi yako iliingia ufa mwembamba. Nikaogopa kuruka nao, nikaomba mwingine kwa jamaa mmoja uwanjani, nikaufunga huo, huu nikauficha. Sikukwambia. Ulikuwa unajivunia sana kazi ile, ulikuwa unawaonyesha watu. Siku niliyopigwa, baiskeli ilikuwa na uma wa mtu mwingine."

Msasa aliuokota uma, akapitisha ukucha juu ya madonge, ukanasa kwenye ufa.

"Na huyu nikamwambia asikwambie," Panzi alisema, "kwa sababu baiskeli ile ikitajwa tu unageuka mnyama. Akaapa. Umemvunjavunja kwa sababu ni mtu wa kutunza ahadi."

Ndipo Msasa alipoitazama fremu kwenye jiriwa. Kipande cha shingoni hakikuwa na tundu. Cha Panzi kilikuwa na matundu mawili, Msasa mwenyewe aliyatoboa kwa keekee ya jirani, na miaka yote hakuyatafuta kwa kuuamini uma. Mtoto angeona. Na likaja jingine baya zaidi, likaja taratibu: kama baiskeli iliyoibwa haikuwa na alama ile, basi huenda iliwahi kuingia humu ndani, akaung'oa uma, akakuta shina safi, akairudisha kwa mtu aliyekuja nayo na kumtakia siku njema.

Dereva wa pikapu ya mchanga alimbeba Sindano hospitali, Panzi akikaa nyuma na kichwa cha Sindano mapajani. Msasa alitaka kupanda. Panzi alimsukuma kifuani kwa ncha ya gongo.

"Nimewapigia polisi," alisema. "Usikimbie."

Hakukimbia. Alikaa kwenye kigoda, mikono ikiwa na damu iliyoanza kukauka kwenye kucha. Hakuwaza kiapo, hakuwaza jela. Alimwaza Sindano akiingia asubuhi ile na mluzi wake, na kila alipomwaza alijipiga ngumi ya paja.

Mke wa Sindano alifika kabla ya polisi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, aliyezoea kumwita Msasa shemeji na kumtania juu ya ukapera wake. Panzi alikuwa nyuma yake, wametoka hospitali pamoja. Mwanamke alisimama kwenye doa la sakafuni, akaliangalia.

"Mguu hawaukati," alisema. "Lakini goti halitakunjika tena. Vidole viwili wamesema tusahau. Cherehani ya kukanyaga ataikanyaga kwa mguu gani, shemeji? Niambie. Mkasi ataushika kwa vidole gani?"

"Nipige," Msasa alisema. "Nakuomba, nipige."

"Nikupige, halafu upone?" Alitazama juu, kwenye kulabu. "Hizi ndizo mlizokuwa mkipigia porojo na mume wangu miaka yote? Nyundo yako iko wapi?"

Aliipata mwenyewe, ile nzito ya kunyooshea nondo. Hakuzifikia baiskeli kwa ufupi wake. Panzi alijisogeza bila kuambiwa, akaegemea ukuta, akainua gongo na kuishusha ya kwanza, ile ya kromu ambayo watu walisafiri kuja kuiona. Mwanamke akaipiga. Rimu za plastiki zilipasuka, usukani ukapinda, mabomba yakabonyea. Akapiga na ya pili, na ya tatu, akitukana matusi ambayo hakuna aliyejua kwamba anayajua, mpaka kitambaa cha kichwani kikamtoka na mikono ikakataa kuinuka. Aliiacha nyundo ianguke, akatoka nje, akakaa kizingitini akilia kwa sauti.

Zilibaki nyingi. Panzi aliiokota nyundo.

"Na wewe?" Msasa aliuliza. "Panzi, hizi zote nilizikusanya kwa ajili yako."

"Najua. Mguu wangu ulikatwa mara moja, wewe umeutundika humu kila siku. Watu wakiingia unawaonyesha." Alijaribu kuinua nyundo, akayumba, kwa maana mguu mmoja hautoshi kwa kazi ile. Aliegemea jiriwa, akavuta pumzi. "Siwezi peke yangu. Nishikie."

Msasa aliinuka kwenye kigoda. Aliishusha baiskeli iliyofuata, akapiga magoti, akaishika fremu kwa mikono miwili juu ya sakafu, na mdogo wake akapiga.