Majibu Yametoka

Usiku wa jana niliota benchi la hospitali linaniomba nisogee.

"Mama Kalunde," linasema, "nakuheshimu, lakini mguu wangu wa huku umekufa ganzi. Kalia upande wa pili."

Nikasogea. Sikuona cha kushangaza. Nimelikalia sana benchi lile tangu walipoanza kumpima mwanangu, na yeyote akikaliwa kiasi hicho lazima siku moja aseme. Kalunde mwenyewe nilikuwa nimempakata. Anaingia mwaka wa nne na hajasema neno. Ukimwita haitiki, macho yake yanakupita kama mtu mwenye haraka anavyokupita njiani. Wataalamu walimchezesha, wakamtazama, wakaniambia nisubiri majibu.

Pembeni yangu ameketi mama mkwe wangu, Bibi Kabula. Amekuja na ungo, anapepeta. Sikuuliza anapepeta nini.

"Mtoto wa Mama Shija ni mdogo kuliko huyu," anasema, "na tayari anatukana."

"Anamtukana nani, mama?"

"Watu wazima! Juzi kamwambia babu yake ana kichwa kama kibuyu. Mtoto anajielewa yule."

"Na babu yake akasemaje?"

"Alifurahi."

Mlango ukafunguka, akatoka nesi amebeba mizani ya sokoni, ile ya kupimia nyanya.

"Leta maneno ya mtoto tuyapime."

"Hana, sista."

"Hata moja?"

"Analo 'mm'."

"Tia."

Kalunde akafungua mdomo, "mm" ikadondoka kwenye sahani ya mizani, ndogo, ya mviringo, kama tonge. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Nesi akainama kuusubiri. Foleni nzima ikainama. Mshale ukakataa kusimama.

"Hii ni 'mm' ya kutaka au ya kukataa?"

"Inategemea, sista. Kwenye uji ni ya kutaka. Kwenye kunawa uso ni ya kukataa."

Nesi akaipangusa "mm" kwa pamba, akamrudishia mtoto mdomoni. "Mizani imechanganyikiwa," akasema. "Ngoja majibu."

Hapo dirisha la mapokezi likakohoa.

"Majibu yametoka," likasema.

Nikasimama na mtoto wangu. "Yako wapi?"

"Si nimekwambia yametoka? Hayapo."

"Yameenda wapi?"

"Mimi ni dirisha, mama. Mtu akitoka naona mgongo."

Bibi Kabula akasonya. "Ndiyo tabia yao hapa. Hawakai."

Nikamfunga Kalunde mgongoni, nikayafuata. Napita kwenye korido, sakafu inakuwa mchanga, na papo hapo niko nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye kibaraza changu. Mimi ni msusi. Kwenye kigoda cha wateja wangu yamekaa Majibu, yamefumua nywele zote, yananingoja. Yana mwili mmoja, mnene, lakini yanaongea kama watu wengi.

"Tumekuja tusukwe," yanasema. "Hatuwezi kuingia kwa watu na kichwa hiki."

"Sitaki kuwasuka. Nataka mniambie mwanangu ana nini."

"Unataka tuseme kichwa kikiwa nusu? Suka."

Basi nasuka. Nywele za Majibu hazina mwisho. Nikimaliza mstari, kule nilikoanzia kumeota upya. Kalunde amekaa chini na kopo la shanga, ananipokeza moja moja. Nyekundu, nyeupe, nyeupe, bluu. Nyekundu, nyeupe, nyeupe, bluu. Hakosei. Hata nyumbani huzipanga hivyo hivyo sakafuni, na ole wako uondoe moja. Atalia mpaka majirani watoke kuuliza nani kafariki.

"Ndiye huyu?" yanauliza Majibu.

"Ndiye."

"Mbona hatazami watu?"

"Anatazama shanga."

"Tunaona. Punguza kuvuta, unatuumiza."

Nikalegeza vidole. Nikauliza lile ambalo sijamwuliza daktari, wala baba yake, wala mtu yeyote.

"Mkirudi, mtamchukua huyu mniletee mwingine?"

Majibu yakageuza shingo, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama wima.

"Mama Kalunde, umemwona mtoto wako alivyo mzito? Tutambeba na nini? Sisi tunakuja na maneno tu. Yeye tutamkuta hapo hapo, na kopo lake."

"Basi yasemeni hayo maneno."

"Kichwa bado."

Yakasimama, yakajipangusa, yakanyoosha mkono na kuchukua shanga ya bluu kwenye vidole vya Kalunde. Nikafumba macho, nikingoja kilio.

"Tunaiazima hii," yakasema. "Tukirudi tutairudisha."

"Lini?"

Nilipofumbua macho niliona mgongo.

Nikaamka. Kumekucha, mashine ya kusaga imeshaanza kunguruma. Kalunde hayupo kitandani. Nikageuka, nikamwona sakafuni, amemwaga kopo lote na kupanga shanga kutoka mguu wa kitanda hadi mlangoni. Nyekundu, nyeupe, nyeupe, bluu, zimenyooka kama mstari wa kichwani.

Karibu na mlango kulikuwa na nyekundu, nyeupe, nyeupe, kisha pengo. Pengo la shanga moja. Baada ya hapo mstari unaendelea kama kawaida.

Nikatikisa kopo. Tupu. Nikainama uvunguni, nikakung'uta shuka, nikapekua hata mikunjo ya kanga yangu. Nilifanya haraka, niiwahi kabla hajaanza kulia.

Kalunde hakulia. Aliweka kidole kwenye pengo, akautazama mlango.

"Mm," akasema.

Ile "mm" sijawahi kuisikia. Si ya uji, si ya kunawa uso.

Nje, Bibi Kabula alikuwa anapepeta mchele. Akapaza sauti, "Mama Kalunde! Wamesemaje huko hospitali, majibu bado tu?"

"Yametoka, mama," nikamjibu.

Nikaliweka kopo chini, nikaketi sakafuni kando ya mwanangu, na mimi nikautazama mlango.