Salamu kwa Mama Shukuru

1.

…na hapo, watazamaji wangu, huyu kaka wa suti anamdanganya binti wa watu kweupe. Salamu zimfikie Mama Shukuru wa genge la nyanya pale Kihonda. Haya, tuendelee.

(Ni Tunu huyo, chumbani kwake, kajifunika blanketi, anatafsiri tamthilia ya Kikorea.)

2.

TANGAZO KWA UMMA

Idara inawakumbusha wananchi kuwa kutafsiri au kusambaza filamu bila kibali cha mwenye kazi ni kosa. Mtuhumiwa atakayetakiwa kutoa nywila ya simu yake ataitoa bila…

3.

Msimcheke Tunu. Kwa kujificha alikuwa fundi. Laini haikuwa na jina lake. Sauti aliipitisha kwenye programu, ikatoka nzito kama ya mzee wa kanisa. Filamu alizipata kwa Kasori, msambazaji wake, kwenye kundi ambalo ujumbe wake umefungwa kwa msimbo, hata wenye mtandao hawausomi.

Lakini tafsiri isiyo na salamu nani ataisikiliza? Watafsiri wote husalimia watu wao. Na yeye ana watu.

4.

Gengeni.

— Shikamoo mama. Wewe ndiye Mama Shukuru wa kwenye tamthilia?

— Marahaba, baba. Ndiye mimi. Karibuni nyanya.

— Huyo anayekusalimia tunampenda sana. Tutampata wapi?

— Si Tunu, jirani yangu? Geti lile la bluu. Mwambieni nimewaelekeza mimi.

5.

VIELELEZO: Kipaza sauti. Blanketi. Simu, imefungwa.

Mtuhumiwa amekataa kutoa nywila.

6.

Amekataa kwa sababu ya Kasori. Kasori yuko nje kwa dhamana, kesi ni hii hii. Jina lake likionekana tena anarudi ndani, na mkewe ana mimba kubwa.

Tunu naye ana mtoto wa kunyonya. Maziwa yamelowesha blauzi mbele ya wanaume. Anaona aibu, na ana hasira.

7.

Afande Lukindo si mtu mbaya. Kamletea kiti, kamletea maji.

"Dada, fungua tu ukanyonyeshe. Huyo unayemficha, angekuwa yeye hapo, angeshafungua."

Angefungua?

Tunu alimfikiria Kasori vizuri, tangu siku walipofahamiana. 

8.

Mama Shukuru kaingia analia, mtoto wa Tunu mgongoni.

"Waliniuliza kwa adabu, mwanangu. Mpaka shikamoo walinipa."

Akamgeukia Lukindo.

"Afande, hiyo paswedi mnayoitaka ndiyo nini?"

"Ni neno tu, mama. Analijua yeye peke yake."

"Neno tu." Akamfungua mtoto kwenye khanga. "Basi msiniulize tena kitu. Mimi la kwangu nilishalisema."

9.

Lukindo akaisogeza simu mezani, karibu kabisa.

Ng'ambo ya meza, mtoto.

Tunu akanyoosha mkono…