Ua la Njano Mlangoni kwa Anyisile

Bibi yangu Anyisile aliolewa Ipinda wakati wa Mjerumani, akitokea ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi wafinyanzi. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uleule. Cha mama alichobeba ni mzizi mmoja tu wa ua la njano, lile la mwituni lililoota pale walipochimba udongo wa vyungu. Akaupanda kando ya mlango, ukashika, ukatoa maua.

Baba mkwe wake aliitwa Nsajigwa. Siku zile mke wa mwana hakumtazama baba mkwe, hawakusemezana, wala jina lake hakulitamka. Akisikia anakuja, anajificha.

Basi ikaja amri kutoka bomani: kila mtu asafishe njia mpaka mlangoni, Mzungu anapita. Mzee akashika jembe. Anyisile yuko ndani, anachungulia kwenye upenyo wa mianzi. Jembe linakuja, linakuja, na mzee yule kwa kulima hakuwa na mchezo! Bibi akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ua likaruka pamoja na magugu.

Mama mkwe alimkuta analia.

"Kwa nini hukukohoa, mwanangu?"

"Nimkoholee mkwe, mama?"

"Basi ungevunja hata chungu, asikie!"

"Kile? Nimekifinyanga siku nne!"

"Ee, Mkisi na vyungu vyake!" Mama mkwe akacheka, kisha akaenda kumwambia mumewe. Jioni ile mzee hakumaliza chakula.

Kiangazi chote pale mlangoni palikuwa pakavu kama sakafu. Bibi alifagia uwanja mzima, lakini pale hakupagusa. Mvua za kwanza ziliponyesha, alitoka asubuhi akakuta uzio mdogo wa mianzi, umesukwa vizuri kama kikapu. Ndani yake, machipukizi mawili. Jembe lilikata juu tu, mzizi ulibaki. Na mzee alikuwa ameyaona kabla yake.

Ua la kwanza lilipofunguka, bibi alichukua chungu chake kizuri kuliko vyote, akakiweka njiani anapopita mzee, na ua lile ndani. Akakimbilia kwenye upenyo wake.

Mzee akaja. Akasimama. Akakiinua chungu kwa mikono miwili.

"Ndaga," akakiambia chungu. "Asante sana, chungu."

Kule ndani bibi akaziba tena mdomo, safari hii asicheke.