Miche ya Matty

Mume wangu Matty alikufa mwezi wa Mei akaniachia nyumba, mbwa mzee na liki zake, zile mboga ndefu za ukoo wa kitunguu. Nyumba hakuna aliyeitamani. Mbwa alimfuata bwana wake kabla majani hayajapukutika. Lakini liki za Matty Hepple, lo! Hapa kijijini Shilburn kuna wanaume wazima, wenye wajukuu, ambao wangemwuza mama mzazi ili wapate mche mmoja tu.

Tangu mgodi wa makaa ufungwe hawana kingine cha kupigania. Wanakuza liki nene kama paja la mtoto, Septemba wanazipeleka kwenye maonyesho ya klabu, wanavaa tai, na anayeshindwa anatafuta wa kumlaumu mpaka Krismasi. Matty wangu alizoea kushinda. Na liki ya maonyesho haitoki kwenye mbegu. Ile bora kuliko zote unaiacha itoe ua, unalinyoa lile ua kama kichwa cha mtoto, na pale pa mbegu panaota nywele za kijani. Kila unywele ni liki ileile, wala si mtoto wake, ni yenyewe imerudi. Novemba unazing'oa, unazipanda kwenye vikopo, unazilea ndani ya banda la vioo kwa hita na taa mpaka baridi iishe. Matty hakuwahi kumpa mtu hata unywele mmoja. Siku ya mwisho kule hospitali, pumzi zimemwishia, alinivuta mkono nikainama, nikidhani nitaambiwa neno la mapenzi.

"Thora," akasema, "usimpe Cuddy."

Basi. Hilo ndilo neno langu la kuagwa.

Cuddy Ord ndiye jirani yetu kule kwenye vijibustani vya kukodi, pembeni mwa kijiji. Yeye na Matty walikuwa wakishuka mgodini kwa lifti moja na kupanda kwa lifti moja, na kule chini Cuddy aliwahi kumvuta Matty kwa miguu kutoka chini ya kifusi. Huku juu, kwa sababu ya liki, hawakusalimiana. Matty alijenga ukuta katikati yao kwa milango ya zamani, ile iliyong'olewa nyumba za wachimbaji zilipobomolewa. Mlango mmoja ulikuwa bado na tundu la barua. Akalipigilia ubao, eti Cuddy asichungulie.

Nikalinyoa ua la liki yake ya mwisho, nikailea ile miche peke yangu. Mimi na mikono yangu mizito, nisiyejua chochote zaidi ya nilichokiona kwa kumpelekea chai. Ikashika. Kila asubuhi nilikwenda kuitazama na kumsimulia Matty kwa sauti, mpaka watu wakaanza kunipa njia pana.

Januari ikaja dhoruba. Ilitoka upande wa baharini, upepo na theluji pamoja, na redio tangu alfajiri ilikuwa ikituambia tukae ndani. Nikakaa ndani. Halafu mchana umeme ukakatika, redio ikanyamaza, na mimi nikakumbuka hita ya bandani. Nikavaa koti la Matty, nikafunga kitambaa kichwani, nikatoka. Mtu mwenye akili asingetoka.

Kule kwenye vijibustani sikuamini macho yangu. Paa la mtu limekalia kabichi za mwingine. Banda la njiwa limelala ubavu. Ukuta wa Matty wote ulikuwa chini, nikawa natembea juu ya milango, wa bluu, wa kijani, wa bluu tena. Na ndani ya banda letu la vioo kulikuwa na mwanamume ameshika nyundo, anavunja vioo.

"We Cuddy!" nikapiga kelele. "Shetani mkubwa! Hata mwaka haujaisha tangu tumzike, umeshaanza?"

"Kaa mbali, shemeji!"

"Shemeji yako nani? Weka nyundo chini!"

"Kioo cha upande wa bahari kimeng'oka! Upepo unaingia, hauna pa kutokea! Nisipoufungulia huku, banda zima linapaa!"

"Mwongo!"

"Haya, simama hapo ulione linavyopaa!"

Nikaweka mkono kwenye fremu. Kweli ilikuwa inanyanyuka kutoka kwenye matofali, inashuka, inanyanyuka. Cuddy akapiga kioo kingine, na kingine, upepo ukapita toka upande huu hadi ule, na banda likatulia. Damu ilikuwa inamtoka kwenye vidole. Nilipaswa kusema asante. Badala yake nikaanza kufukua miche.

Sinia za vikopo zilikuwa zimejaa theluji na vigae vya vioo. Tulichambua kwa mikono.

"Nyumbani kwako kuna moto?" akauliza.

"Moto wa wapi? Kila kitu cha umeme."

"Mimi bado nachoma makaa ya mawe."

Nikasimama kama gogo. Nilimsikia Matty waziwazi kichwani, na usiniambie mtu hasikii wafu wake. Lakini miche ilikuwa imeanza kukakamaa mikononi mwangu.

"Nakuja nayo," nikamwambia. "Na nitakaa nayo. Jicho langu halibanduki."

"Kaa mpaka Pasaka. Lakini twende, nimeganda makalio."

Jiko la Cuddy lilikuwa la mtu mjane, soksi juu ya kiti na moto mkubwa. Alipanga sinia mbali kidogo na meko ili miche ipate joto taratibu, akafunga vidole kwa kitambaa cha sahani, akanipakulia bakuli la supu kutoka kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota juu ya makaa. Supu ya mfupa wa nguruwe na njegere kavu, nzito. Nilikula huku nimeikodolea macho miche. Tamu, sikatai. Sikumwambia.

Kisha miche ikaanza kulegea. Kwanza mmoja ukainamisha ncha, halafu wa pili, halafu sinia nzima. Ilikuwa laini mno, imezoea hita na taa kama watoto wa tajiri. Majani yakawa meusi na maji, kama mchicha uliotiwa kwenye maji ya moto. Niligusa mmoja ukanibaki vidoleni. Nikagusa mwingine. Nikaugusa hata ule wa pembeni niliokuwa nikiupenda zaidi.

Mazikoni sikulia, watu waliniona. Pale nililia, kamasi na yote, mbele ya Cuddy Ord. Mei walimzika Matty, nikawaza, na mimi sasa nimemalizia kilichobaki. Miaka yote ile ya mtu kuinama kwenye udongo, na mimi sikuweza kuitunza hata msimu mmoja.

Cuddy alisimama akanitazama, akakuna shingo, akapanda ngazi. Alikaa huko hadi nikadhani amenikimbia. Aliporudi alikuwa amebeba sinia.

"Usinipige kabla sijamaliza kusema," akasema.

Akaiweka mezani. Miche ya liki, imenawiri. Nikafuta macho ili niione vizuri. Jani pana, lina ubluu kwa mbali, na ncha imejikunja kidogo upande wa kushoto kama sikio la mbwa. Jani hilo nimeliona nusu ya maisha yangu. Hakuna mwenye liki ya hivyo ila Matty.

"Umezipata wapi?"

"Niliiba."

"Lini?"

"Ule mwaka alipolazwa kwa kifua mara ya kwanza. Niliruka ukuta. Nilichukua nywele tatu." Hakuinua macho. "Nilitaka kujua anafanyaje. Nikasema nikishajua nitazitupa. Nilipoziona zimekua, shemeji, nikashindwa. Nimezilea mpaka leo hapo juu, chumbani, kando ya bomba la moshi."

"Na mbona kila Septemba unashindwa? Unapeleka vile vijiti vyako, unashindwa!"

"Ningezipelekaje? Angezijua kabla sijazitoa kwenye gunia."

"Sasa miaka yote hiyo unazifanyia nini?"

Alitazama sufuria.

Nikatazama bakuli langu. Chini kabisa kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha liki, cheupe, kinene.

Jamani! Liki za Matty Hepple, ambazo hata mimi mkewe hakuniruhusu kuzikata, zilikuwa zinaliwa na Cuddy kila majira ya baridi, na njegere! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumtupia bakuli. Nilimtukana mwizi, nyoka, panya wa mgodini, na yeye akaitikia kila jina kwa kichwa kama anayeitwa kwenye orodha. Na katikati ya matusi nikajikuta naishika ile miche, mmoja mmoja, nikihakikisha ni mizima. Ilikuwa mizima. Kama mtu huyu asingekuwa mwizi, leo Matty angekuwa amekwisha kabisa.

"Ichukue yote," akasema. "Ni yako."

"Najua ni yangu!"

Nje upepo ulikuwa unapiga bati la mtu barabarani. Niliivuta sinia upande wangu wa meza. Nikakaa kitambo nimeikumbatia. Usimpe Cuddy. Sikumpa, Matty, Mungu shahidi, alijichukulia mwenyewe. Nikautoa mche mmoja mzuri, ule mnene, nikamwekea mbele ya mkono wake wenye kitambaa.

"Ile mingine uliiba," nikamwambia. "Huu nimekupa mimi. Septemba uupeleke klabuni, mchana kweupe, na wakikuuliza useme ni wa nani."

Akaufunika ule mche kwa viganja vyote viwili.

Nikala kile kipande kilichobaki, polepole. Kisha nikasukuma bakuli mbele yake.

"Niongezee," nikasema. "Na liki uziweke nyingi."